Jicho la Jike: Hotuba Kuhusu Nadharia Ninayoipenda Kuliko Zote

Mabibi na mabwana, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mliokaa hadi kwenye ngazi kwa kukosa viti, asanteni kwa kuja.

Nimeshika unyoya wa tausi. Naomba walio mstari wa mbele wautazame kwanza, kisha waupitishe nyuma taratibu. Hakuna ndege aliyenyonyolewa: tausi dume huyaangusha manyoya haya marefu kila mwaka, msimu wa kuzaana ukiisha, kisha huota mengine. Huu nilipewa na rafiki yangu anayewafuga.

Litazameni jicho lililo kwenye ncha. Katikati pana buluu iliyokoza, ikazungukwa na rangi ya feruzi, halafu ya shaba, halafu kijani. Ukiugeuza kidogo kwenye mwanga, rangi zinahama. Sasa niwaambie jambo lililonifanya nifunge kitabu na kukaa kimya siku ya kwanza nilipolisoma: ndani ya unyoya huu hamna rangi ya buluu. Hamna hata chembe. Iliyomo ni melanini, ile ile inayozitia weusi nywele zetu. Uponde unyoya huu mpaka uwe unga, na buluu itatoweka, utabaki na vumbi la kahawia mkononi. Buluu mnayoiona inatokana na mpangilio. Vijiti vidogo mno vya melanini vimepangwa kwa safu ndani ya nyuzi za unyoya, na nafasi kati ya kijiti na kijiti ni ndogo kuliko sehemu ya elfu moja ya milimita. Mwanga ukigonga safu hizo, unaorudi machoni petu ni wa buluu. Pale penye rangi ya shaba, nafasi hizo zimepanuka kidogo tu.

Kazi ya ustadi namna hii, nani aliifanya? Jibu ninalotaka kulitetea jioni hii ni kwamba aliyeifanya ni tausi jike. Aliifanya kwa macho yake, kizazi baada ya kizazi, kwa kumkubali dume huyu na kumpa mgongo yule. Wataalamu wanaiita nadharia ya uteuzi wa kijinsia. Nimefundisha biolojia muda mrefu, na katika yote niliyofundisha kuhusu mageuko ya wanyama, hakuna ninayoipenda zaidi ya hii.

Mwenye nadharia ni Charles Darwin. Wengi mnamfahamu kwa ile nyingine, uteuzi asilia, aliyoitoa kitabuni mwaka 1859: viumbe hutofautiana, wanaoyamudu mazingira yao huishi na kuzaa zaidi, na watoto hurithi zile sifa zilizowasaidia wazazi. Nadharia hiyo inaeleza vizuri sana kwa nini swala ana mbio na kwa nini panzi wa majani ni wa kijani. Lakini inagonga mwamba kwa tausi. Mkia huu, kwa dume aliyekomaa, hufika mita moja na nusu. Unaonekana na kila mwenye njaa porini. Mwaka 1860 Darwin alimwandikia rafiki yake Asa Gray, mtaalamu wa mimea huko Marekani, akakiri kwamba kila akiutazama unyoya wa mkia wa tausi anajisikia kuumwa. Naipenda sana barua ile. Mtu ametoka kuitikisa dunia kwa nadharia yake, na miezi michache baadaye bado anasumbuliwa na unyoya mmoja usiotaka kuingia humo.

Hakuukwepa. Mwaka 1871 alitoa kitabu kingine, juzuu mbili, na sehemu kubwa yake ni utetezi wa wazo moja: kuishi hakutoshi. Mnyama anaweza kuishi miaka mingi, mwenye afya, asiwindwe na yeyote, lakini asipopata mwenzi sifa zake zinakufa naye. Kwa hiyo ziko njia mbili za kuingia katika kizazi kijacho. Ya kwanza ni kuwashinda madume wenzako kwa pembe, kwa meno au kwa ukubwa wa mwili. Ya pili ni kupendwa.

Hiyo ya kwanza haikumsumbua mtu. Nani hajaona majogoo wakipigana? Ya pili ndiyo iliyozua kelele. Alfred Russel Wallace, yule ambaye maandishi yake yalisomwa pamoja na ya Darwin mwaka 1858 pale uteuzi asilia ulipotangazwa kwa mara ya kwanza, aliikataa katakata. Alisema rangi kali za madume hutokana na nguvu za mwili zilizozidi, na majike wamefifia kwa sababu anayeatamia mayai anahitaji kujificha. Hoja ya kujificha ina ukweli wake. Ila haielezi kwa nini dume auweke mkia wazi mbele ya jike, autetemeshe, azunguke, azunguke tena. Mwingine, St. George Mivart, aliandika mwaka ule ule wa 1871 kwamba matamanio ya majike ni ya kigeugeu mno, hayawezi kutengeneza kitu chochote cha kudumu.

Niseme ukweli? Nikiyasoma mabishano yale ninaona kwamba hayakuhusu tausi pekee. Wanaume wale hawakukubali kwamba uamuzi wa jike unaweza kuwa nguvu ya maumbile, sawa na baridi, sawa na njaa. Ndiyo maana wazo hili likawekwa pembeni, likarudi kwenye kiini cha biolojia baada ya karibu miaka 100.

Kabla sijaenda mbali, nijibu swali ambalo naliona kwenye nyuso za vijana: kwa nini jike ndiye achague? Kwa wanyama wengi, jike ndiye anayelipa gharama kubwa. Yai ni kubwa, lina akiba ya chakula, na mayai hayatengenezwi mengi. Mbegu ya dume ni ndogo na huzalishwa kwa mamilioni. Ongeza mimba, kuatamia, kunyonyesha. Anayepoteza zaidi akikosea ndiye anayechunguza zaidi. Na nadharia hii inajaribika, kwa sababu inatabiri kwamba dume akibeba yeye mzigo wa malezi, mambo yatageuka. Yuko ndege wa vidole virefu anayetembea juu ya majani ya mayungiyungi kwenye maziwa ya Afrika. Kwake dume ndiye anayeatamia na kulea. Na hakika, jike ni mkubwa kuliko dume, huwa na madume kadhaa kwa wakati mmoja, na huwafukuza majike wenzake. Upanga umehamia mkono mwingine, kama ilivyotabiriwa.

Sasa ushahidi. Nitawapeleka Kinangop, nyanda za juu za Kenya, kwa sababu jaribio lililofanyika pale ndilo lililonifanya niiamini nadharia hii kwa moyo wote.

Kwenye majani marefu ya Kinangop kuna ndege wa jamii ya kweche. Jike ni wa kahawia mwenye michirizi, mkia mfupi, ukimtazama haraka utadhani shomoro. Dume, msimu wa kuzaana ukifika, anakuwa mweusi tii mwenye mabega mekundu, na anaota mkia wa karibu nusu mita. Mwili wenyewe unatosha kiganjani. Anaruka polepole, chini chini juu ya majani, mkia umetanuka na kuning'inia kama kitambaa kizito, na akiruka hivyo unaonekana kutoka mbali sana. Kila dume ana eneo lake, na majike huja kujenga viota humo.

Mtafiti Malte Andersson kutoka Uswidi alijiuliza swali rahisi. Kama majike wanapenda mkia mrefu, je, nikiurefusha kwa mkono wangu itakuwaje? Aliwakamata madume 36 akawagawa katika makundi manne. Wa kundi la kwanza aliwakata mkia ukabaki kama sentimita 14. Vipande vilivyokatwa hakuvitupa: alivibandika kwa gundi kwenye mikia ya kundi la pili, ikaongezeka kama sentimita 25, mirefu kuliko mkia wowote wa kawaida. Kundi la tatu aliwakata mkia kisha akawarudishia mkia wao wenyewe kwa gundi ile ile. Kundi la nne hakuwagusa mikia.

Naomba tulitazame lile kundi la tatu, kwa sababu hapo ndipo ninapomwona mwanasayansi. Kukata mkia na kuubandika tena pale pale, kazi yote ile kwa ndege mwenye mkia wa urefu ule ule! Lakini bila hao, mpinzani angesema: huenda majike walivutiwa na harufu ya gundi, au walikimbia madume waliosumbuliwa kwa kushikwa. Kundi la tatu linamfunga mdomo mpinzani huyo kabla hajaufungua.

Andersson alikuwa amehesabu viota kwenye eneo la kila dume kabla ya kugusa chochote, na wakati huo makundi hayakutofautiana. Kisha akasubiri, akahesabu viota vipya. Madume waliorefushiwa mikia walipata vingi kuliko wote. Na wale waliokatwa hawakunyang'anywa maeneo yao. Waliendelea kuyalinda vilevile. Kwa hiyo mkia haukuwa silaha ya kutishia madume wenzao. Ulikuwa kwa ajili ya jike. Matokeo yalichapishwa mwaka 1982, miaka 111 baada ya kitabu cha Darwin.

Tena, mkia walioongezewa madume kwa gundi ulizidi wowote ambao majike waliwahi kuuona. Majike wale walikuwa tayari kupenda kitu ambacho bado hakijawahi kuwepo. Shikeni hilo, tutalirudia.

Basi, jike anachagua. Tumekubaliana. Lakini kwa nini achague mkia mrefu, asichague miguu imara au uwezo wa kutafuta chakula? Hapa wapenzi wa nadharia hii wamegawanyika, na ugomvi wao ni mtamu.

Wa kwanza ni Ronald Fisher, Mwingereza, mwanahesabu. Alianza kulifikiria mwaka 1915 akiwa na miaka 25 tu, akalikamilisha kitabuni mwaka 1930. Nitaieleza hoja yake polepole kwa sababu inateleza. Chukulia majike wachache wamezaliwa na upendeleo kidogo kwa mikia mirefu. Wanapandana na madume wenye mikia mirefu. Watoto wao wa kiume wanarithi mkia wa baba. Watoto wao wa kike wanarithi upendeleo wa mama. Lakini kumbukeni kwamba kila mtoto hubeba jeni, yaani maelekezo ya urithi, za wote wawili: kijana wa kiume amebeba pia jeni za upendeleo zisizoonekana kwake, na binti amebeba jeni za mkia asioutumia. Mkia na kuupenda mkia sasa vinasafiri katika damu moja. Jike anapochagua mkia mrefu, bila kujua anachagua pia jeni za kupenda mikia mirefu. Kizazi kijacho, wanaoupenda wameongezeka. Jike atakayemchagua dume wa mkia mfupi atazaa wana wa kiume watakaokosa wenzi. Hata asiyeupenda mkia analazimishwa na soko. Na kadiri upendeleo unavyokua, mkia unakua. Na kadiri mkia unavyokua, upendeleo unakua. Mwendo huu hauna breki ndani yake. Utasimamishwa na kitu cha nje, siku mkia utakapokuwa mzito kiasi kwamba mwenye nao anakamatwa kabla ya kupata mke.

Mmeona uzito wa hoja hiyo? Kwa Fisher, mkia hauhitaji kuashiria chochote. Unapendwa kwa sababu unapendwa.

Amotz Zahavi, Mwisraeli, alitoka upande wa pili kabisa mwaka 1975. Kwake, hasara ya mkia ndiyo faida yake. Dume anayeweza kuburuta mzigo kama huo na bado yuko hai, ameshiba, anaruka, amethibitisha kwamba ana nguvu za ziada. Dhaifu hawezi kuighushi alama hiyo kwa sababu itamuua. Wahenga wetu walisema kizuri hakikosi ila; Zahavi anasema ile ila ndiyo inayokifanya kizuri kiaminike. Wanahesabu walimkatalia kwa miaka 15, mpaka Alan Grafen alipoonyesha mwaka 1990 kwamba inawezekana hesabu zikakubali.

Mfano wake mzuri uko Serengeti. Peyton West na Craig Packer, mwaka 2002, waliripoti jaribio la kutumia simba bandia, mwingine mwenye nywele za shingoni nyeusi, mwingine nyepesi. Majike walielekea zaidi kwa mweusi. Madume walimwepuka. Na kwa simba hai, weusi wa nywele uliendana na lishe nzuri na homoni nyingi za kiume, lakini uliambatana na adhabu: mwenye nywele nyeusi hupata joto zaidi. Kwenye jua la mbuga, hiyo si gharama ndogo.

Wako pia William Hamilton na Marlene Zuk, waliosema mwaka 1982 kwamba rangi angavu ni cheti cha kutokuwa na vimelea. Inaelezeka kwa baadhi ya ndege, kwa wengine hapana. Tusonge.

Maelezo ya tatu ndiyo yanayonikosesha usingizi. Twendeni Panama, usiku, kando ya dimbwi. Kuna chura mdogo anayeitwa túngara, mwenye mlio wa sehemu mbili: kwanza sauti ndefu inayoshuka, kama mluzi unaochoka, halafu, akipenda, anamalizia kwa mlipuko mfupi, "chak!" Michael Ryan aliwawekea majike spika mbili, moja ikitoa mluzi mtupu, ya pili mluzi wenye "chak". Wengi wao huenda kwenye "chak". Hadi hapo hakuna ajabu. Ajabu ni kwamba yuko chura mwingine wa ukoo huo ambaye madume wake hawana "chak" kabisa. Ryan na wenzake walipouongeza mlipuko huo kwa mashine kwenye mlio wa madume hao, majike wa spishi hiyo waliupenda pia!

Mnakumbuka mkia wa gundi? Sikio la jike lilikuwa limekaa tayari, limeumbwa kwa namna fulani kwa sababu zake lenyewe, likingojea. Dume wa kwanza aliyetoa "chak" aliingia kwenye mlango uliokuwa wazi siku zote. Ni vivyo hivyo huenda kwa gupi, wale samaki wadogo wa Trinidad: majike wanapenda madume wenye madoa ya rangi ya chungwa, na samaki hao hao, dume kwa jike, hukimbilia kila kitu cha rangi hiyo, kwa sababu kwenye vijito vyao hudondoka matunda ya rangi ya chungwa wanayoyapenda kama chakula. Jicho lililofunzwa na tunda likaja kuchagua mume.

Lakini anayesikia si jike peke yake. Panama kuna popo anayekula vyura, na anawatafuta kwa kuusikiliza mlio. Naye huvutwa zaidi na "chak". Kwa hiyo dume akiwa peke yake dimbwini hutoa mluzi mtupu. Akisikia wapinzani ndipo anapothubutu. Kila "chak" ni kamari kati ya mapenzi na kifo. Sioni aibu kusema kwamba nikilifikiria jambo hilo usiku, ninamwonea chura yule huruma na heshima kwa pamoja.

Uzani huu kati ya jike na adui unaweza kupimwa. John Endler aliona kwamba kwenye vijito vya Trinidad vyenye samaki wakubwa wawindaji, gupi madume wamefifia. Na juu ya maporomoko, ambako wawindaji hao hawafiki, madume wanang'aa kama shanga. Mwaka 1976 aliwachukua gupi 200 kutoka kwenye hatari akawahamishia kwenye kijito kisicho na wawindaji wale wakubwa wala gupi wengine. Baada ya miaka 2 tu, wazao wa wale waliofifia walikuwa na madoa makubwa zaidi na mengi zaidi. Miaka miwili! Tumezoea kufundisha mageuko kama jambo la mamilioni ya miaka, na mtu mmoja ameyatazama yakitokea kabla mwanafunzi hajamaliza shahada.

Na adui akizidi? Kwenye kisiwa cha Kauai, Hawaii, kuna nyenje ambao madume huimba kwa kusugua mabawa. Akaja nzi mwenye masikio makali. Anamfuata mwimbaji na kumwachia mabuu, mabuu yanaingia mwilini na kumla hai kwa ndani. Marlene Zuk, yule niliyemtaja, aliwachunguza nyenje hao tangu miaka ya 1990, na kila mwaka sauti zilipungua. Mwaka 2003 alifika akakuta kimya, akadhani wamekwisha. Aliwasha taa, akaona nyenje wamejaa kwenye majani. Badiliko la jeni moja lilikuwa limewalainisha mabawa. Zaidi ya asilimia 90 ya madume hawakuweza kutoa sauti tena. Yote katika vizazi visivyozidi 20. Na wanazaa vipi? Mabubu hukaa karibu na waimbaji wachache waliobaki, wakimvizia jike anayeufuata wimbo wa mwenzao.

Nirudi kwa tausi kwa dakika moja, kwa sababu unyoya naona umefika katikati ya ukumbi na sitaki mniamini kupita ushahidi. Nchini Uingereza, Marion Petrie aligundua kwamba madume wenye macho mengi mkiani walipata wenzi wengi, na alipoyakata baadhi ya macho hayo, bahati yao ilishuka. Lakini watafiti wa Japani waliwafuatilia tausi kwa miaka 7, wakaripoti mwaka 2008 kwamba hawakuona uhusiano huo. Wengine wamepima jinsi dume anavyoutetemesha mkia, takriban mara 25 kwa sekunde, na kuona kwamba manyoya yote yanatikisika wakati yale macho yanaonekana kama yamesimama hewani. Huenda jike anatazama hicho, mtetemo na utulivu kwa pamoja, na sisi tulikuwa tunahesabu madoa. Mimi naamini jibu la mwisho la tausi bado halijapatikana, na napenda iwe hivyo, maana miongoni mwenu wamo watakaolitafuta.

Nimewawekea mwishoni mfano ulio karibu nasi kwa lugha. Ziwa Viktoria lina samaki wadogo waitwao furu. Wataalamu wanakadiria spishi 500 hivi, na ushahidi wa matope ya chini ya ziwa unaonyesha kwamba lilikauka miaka 15,000 iliyopita. Kwa mageuko, huo ni muda mfupi mno. Miongoni mwa furu wa kwenye miamba kuna jenasi, yaani kundi la spishi za karibu, ambayo jina lake la kisayansi ni neno letu: Pundamilia, kwa sababu ya mistari yao. Spishi mbili zinafanana kama pacha. Dume wa Pundamilia pundamilia ni wa rangi ya buluu ya kijivu. Dume wa Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Julius Nyerere, ana mgongo mwekundu na ubavu wa njano. Majike wa spishi zote mbili ni wa rangi ya udongo, na ndio wanaobeba mayai na vifaranga kinywani peke yao.

Ole Seehausen na wenzake walitafuta ukuta unaowatenganisha. Kwenye tangi, wakizalishwa pamoja, machotara wanaishi vizuri na wanazaa. Hakuna tatizo la damu. Ukuta ni jicho la jike: wa buluu anamtaka wa buluu, wa nyekundu anamtaka wa nyekundu. Watafiti walipowasha mwanga wa rangi ya chungwa, ambao chini yake buluu na nyekundu hazitofautiani, majike waliacha kubagua. Na ziwani, mwanga unaopenya kwenye maji yenye chembe chembe hupoteza buluu kadiri unavyoshuka, kwa hiyo chini hubaki mwanga unaoelekea nyekundu. Wale wekundu ndio wanaokaa chini zaidi, na jeni ya jicho lao imeelemea kwenye mwanga huo. Jicho limefuata kina, upendo umefuata jicho, na rangi imefuata upendo.

Tunazoea kumlaumu sangara, aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950, kwa kupotea kwa furu, na ni kweli aliwala wengi. Lakini misitu imekatwa, udongo na mbolea vimeingia majini, mwani umeongezeka, na ziwa limepata ukungu. Kuanzia nje hadi ndani ya ghuba ya Mwanza vipo visiwa vya miamba vilivyofuatana kutoka maji meupe hadi maji machafu. Makobe, maji meupe, wekundu na wa buluu wapo wote, kila mmoja na rangi yake kamili, na hawachanganyiki. Ukija ndani ya ghuba, maji yanafifia, na machotara wanaanza kuonekana. Kwenye kisiwa cha Luanso, mahali penye tope zaidi, spishi mbili hazipo. Kuna samaki wa aina moja iliyochanganyika, wengi wao wamefifia, rangi isiyo buluu wala nyekundu. Hawakuliwa na mtu. Majike wa pale wana macho mazima, wanatazama kama walivyotazama mama zao, ila kwenye maji yale hakuna tena mwanga wa kuchagulia.

Unyoya ukimfikia wa mwisho, naomba unirudie mbele. Sasa maswali. Naanza na yule binti aliyeinua mkono tangu nilipomtaja Wallace.